Tumbo limeshiba, mwili je?



Katika dispensari tunasikia neno hili karibu kila juma: « Munganga, mimi ninakula vizuri, bukari haikosekani nyumbani. Lakini katika posti ya usiku nguvu zinaniisha, kidonda kidogo hakikauki, na homa inanirudia kila mara. » Tukimuuliza huyo ndugu bukari aliikula na nini, anafikiri kidogo, kisha anajibu: « Na mboga kidogo tu. »

Somo la leo linahusu jibu hilo. Je, inatosha kuhesabu wingi wa chakula, ni kusema kalori zake, ao ni lazima kuangalia pia ni chakula cha namna gani? Tutaona kwamba wingi ni wa lazima kwa mtu wa kazi nzito. Lakini tutaona pia kwamba wingi peke yake unaweza kumlaza mtu kitandani, hata kama sahani yake inajaa kila siku. Mwishoni tutaona namna ya kupanga chakula bora kwa feza ileile tuliyo nayo.

1. KALORI NI KITU GANI?

Mazuti ya kamyo yanapimwa kwa lita. Nguvu iliyo ndani ya chakula inapimwa kwa kalori. Mwanaume anayefanya kazi ya kukaa, kwa mfano karani ao dereva wa kamyo kubwa, anaomba kalori karibu 2500 kwa siku. Mwanaume anayeinua vyuma, anayevuta kebo ao anayepiga sururu mchana kutwa anaomba 3500, na pengine zaidi.

Sasa tufanye hesabu. Kilo moja ya unga wa mahindi ina kalori karibu 3500. Kwa hiyo, kama kalori zingekuwa jambo lote, kilo moja ya unga pamoja na maji na chumvi ingemtosha mchimbaji kwa siku nzima. Hangekuwa na lazima ya samaki, ya maharagi wala ya lengalenga.

Lakini kila fundi wa garaji anajua kwamba kamyo haiendi kwa mazuti peke yake. Inaomba mafuta ya injini, maji, grisi, na pyesi mpya mahali pa zile zilizokwisha. Ukijaza tangi kila asubuhi na kusahau mengine yote, kamyo itatembea siku kadhaa, kisha itakufa njiani na tangi lake likiwa limejaa. Ndivyo ilivyo kwa mwili wa mtu.

2. KAZI TATU ZA CHAKULA

Shuleni tulifundishwa kwamba chakula kina kazi tatu, na fundisho hilo lingali la kweli.

Kazi ya kwanza ni kutia nguvu. Hapa kuna bukari, mihogo, viazi, wali, mkate, sukari na mafuta.

Kazi ya pili ni kujenga mwili na kuutengeneza panapoharibika. Hiyo ni kazi ya protini. Inapatikana katika samaki, nyama, mayai, maziwa, maharagi, karanga, soya, na viwavi vikavu tunavyoviita bishimu.

Kazi ya tatu ni kulinda mwili. Hapa kuna vitamini na madini kama chuma na iodi. Tunazipata katika majani (sombe, lengalenga, matembele, kibwabwa), katika matunda, katika mafuta ya ngazi yenye rangi nyekundu, na katika chumvi yenye iodi.

Angalieni namna vyakula viwili vinavyofanana kwa kalori vinavyoweza kuachana kwa kazi ya kujenga. Gramu 100 za unga wa mihogo zina kalori karibu 340. Gramu 100 za unga wa mahindi zina karibu 360. Mtu wa kuhesabu kalori tu atasema ni kitu kimoja. Lakini katika unga wa mihogo protini haifiki hata gramu 2, na katika unga wa mahindi inafika karibu gramu 8. Katika maharagi makavu ni karibu gramu 22, katika karanga karibu 25, na katika ndakala kavu ao bishimu vikavu inapita gramu 50.

Tena, protini ya mahindi ina upungufu. Protini ni kama ukuta uliojengwa kwa matofali ya namna nyingi. Katika mahindi tofali moja linalohitajiwa sana, jina lake lisini, ni chache. Katika maharagi tofali hilo ni tele. Ndiyo maana bukari na maharagi vinapokaa katika sahani moja vinasaidiana, na mwili unajenga vizuri kuliko kama umekula kimoja peke yake.

3. NYUMBA MBILI, KALORI SAWA

Tuchukue mfano wa wafanyakazi wawili wa kazi nzito, wenye kilo 65 hadi 70 kila mmoja. Mwili wa namna hiyo unaomba karibu gramu 55 hadi 60 za protini nzuri kwa siku.

Wa kwanza anakula kwa siku gramu 800 za unga, nusu mihogo na nusu mahindi. Anaweka gramu 50 za sukari katika chai. Mboga yake ni majani kidogo yenye vijiko vichache vya mafuta. Jioni anakunywa chupa moja kubwa ya bia. Tukijumlisha, tunapata kalori karibu 3500. Protini ni karibu gramu 40, na karibu yote imetoka katika unga.

Wa pili anakula gramu 600 za unga wa mahindi, gramu 100 za maharagi makavu, gramu 60 za karanga, gramu 30 za ndakala kavu, vijiko vichache vya mafuta ya ngazi, majani, ndizi mbili, na chai yenye sukari kidogo. Kalori zake ni karibu 3500 vilevile. Lakini protini imefika karibu gramu 100, na pamoja nayo amepata chuma na vitamini za namna nyingi.

Kwa kipimo cha kalori watu hawa wawili wako sawa. Jioni wote wawili watasema: « Nimeshiba. » Lakini nyuma ya miezi kadhaa tofauti itaonekana. Wa kwanza atapona pole pole akiumia, ataanza kukosa damu, na kikohozi kitamkalia. Na mtu aliyechoka kwa kukosa damu anaona vibaya hatari inayomkaribia. Kwa hiyo jambo hili linahusu usalama wa kazi sawasawa na kaske na viatu vya chuma.

4. WATU WALIOKULA KALORI WAKAUGUA

Pengine ndugu atasema: « Hayo ni mahesabu ya vitabu. » Basi tuangalie mambo yaliyowapata watu kweli, na watu wanaokula chakula kama chetu.

Malawi, mwaka wa 1990. Wakati wa vita vya Msumbiji mamia ya maelfu ya watu walikimbilia Malawi. Huko waligawiwa posho, na sehemu kubwa ya posho ilikuwa mahindi. Karanga nazo zilikuwa ndani ya posho, lakini katika mwaka wa 1989 zilianza kukosekana. Mahindi yaliendelea kuja, na watu waliendelea kushiba. Kisha ngozi za watu zilianza kugeuka nyeusi na ngumu mahali panapopigwa na jua, yaani shingoni, mikononi na miguuni, kama mtu aliyeungua moto. Ulikuwa ugonjwa wa pelagra. Mgonjwa wa pelagra anapata pia kuhara, kisha akili inavurugika, na asipotibiwa anakufa. Katika mwaka wa 1990 wagonjwa waliohesabiwa kati ya wakimbizi hao walipita 17000.

Sababu yake ni kukosa vitamini moja inayoitwa niasini. Mahindi yana niasini, lakini imefungwa ndani ya punje kwa namna ambayo tumbo letu haliwezi kuifungua vizuri. Karanga zilikuwa ndizo zinaziba pengo hilo. Zilipokosekana, pengo likabaki wazi. Wale waliokuwa na shamba dogo, waliokula karanga ao samaki, na waliosaga mahindi yao wenyewe nyumbani, hatari yao ilikuwa ndogo. Tazama basi: kati ya mtu mzima na mgonjwa kulikuwa na konzi ya karanga tu.

Marekani, mwaka wa 1916. Kusini mwa nchi hiyo kulikuwa na vijiji vya kampuni za kusokota pamba. Wafanyakazi walikaa humo na jamaa zao, kama sisi katika kambi zetu. Chakula chao cha kila siku kilikuwa unga wa mahindi, mafuta ya nguruwe yenye chumvi, na asali nyeusi ya miwa. Kalori hazikukosekana, lakini pelagra ilikuwa inaua watu wengi. Wengi waliamini kwamba ni ugonjwa wa kuambukizana. Munganga Joseph Goldberger, pamoja na Edgar Sydenstricker aliyekuwa mtu wa kuhesabu mambo ya uchumi, walipita nyumba kwa nyumba katika vijiji vya South Carolina wakiandika kila jamaa imenunua chakula gani. Waliona kwamba jamaa zilizopata maziwa na nyama mbichi hazikuugua sana, na kwamba jamaa zenye mshahara mdogo zaidi ndizo zilizopatwa zaidi. Niasini yenyewe ilijulikana kuwa dawa ya pelagra katika mwaka wa 1937 tu. Lakini watu wale walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba dawa iko sokoni na jikoni.

Kwango, hapa kwetu Kongo. Katika mwaka wa 1938 munganga Trolli aliandika juu ya ugonjwa uliokuwa unalemaza miguu ya watu kwa ghafula. Wenyeji waliuita konzo. Konzo inawapata watu wanaokula mihogo michungu isiyoloweshwa siku za kutosha, wakati hawana protini ya kutosha pamoja nayo. Mihogo michungu ina sumu. Kuiloweka siku tatu hivi na kuikausha vizuri juani kunaondoa sehemu kubwa ya sumu hiyo, na protini ya samaki, ya nyama ao ya maharagi inasaidia mwili kuimaliza ile iliyobaki. Mtu aliyekula mihogo mitupu ameshiba, lakini hana silaha ya kujilinda. Na miguu iliyolemaa kwa konzo hairudi tena kama zamani.

5. WAZEE WETU NA POSHO

Wazee waliofanya kazi Union Minière, na kisha Gécamines, wanakumbuka siku ya posho. Tangu mwaka wa 1928 hivi, Union Minière ilianza kuwaacha wafanyakazi kuja na wake na watoto wao kwa mikataba mirefu, badala ya kuwaajiri vijana kwa miezi michache tu. Posho ilipimwa na wanganga wa kampuni. Haikuwa unga peke yake. Kulikuwa na nyama ao samaki, karanga, mafuta na chumvi, na watoto walioachishwa ziwa walikuwa na kantini yao. Kampuni haikufanya hivyo kwa huruma tu. Ilikuwa imeona kwamba mfanyakazi mgonjwa ni hasara, na kwamba mtu aliyejazwa unga mtupu hachimbi shaba muda mrefu.

Wengine wanasema: « Lakini babu zetu kijijini walikula bukari tu, na walikuwa na nguvu. » Hiyo si kweli. Babu zetu walikula bukari ya mtama ao ya ulezi, na pembeni yake kulikuwa na bishimu katika majira yake, uyoga wakati wa mvua, kunde, karanga, samaki wa Lualaba, nyama ya pori, na majani ya kila namna. Hawakujua neno « kalori » wala neno « vitamini », lakini sahani yao ilikuwa na rangi nyingi.

Leo wengi wetu tunapokea mshahara, tunanunua sokoni. Maana yake ni hii: anayepima posho sasa ni wewe na bibi yako. Hakuna munganga wa kampuni anayesimama mbele ya gunia na kusema: « Ongeza karanga. »

6. UNGA UNAPOPANDA BEI

Sisi wa Kolwezi tunategemea sana unga na mahindi yanayotoka Zambia na kupita Kasumbalesa. Katika mwaka wa 2024 Zambia ilipigwa na ukame mkali, serikali yake ikatangaza msiba wa taifa. Mambo ya namna hiyo yakitokea, kila nyumba ya hapa inayasikia mfukoni.

Bei ikipanda, nyumba nyingi zinafanya jambo moja: zinalinda bukari na kukata mboga. Gunia linanunuliwa kwanza, na feza ikibaki ndipo inatafutwa mboga. Tunaelewa sababu yake, maana njaa ya tumbo inapiga kelele na njaa ya mwili iko kimya. Lakini ni hapo ugonjwa unapoingilia. Kwa hiyo tunatoa mashauri haya:

Kwanza, siku ya mshahara nunueni mfuko wa maharagi na wa karanga pamoja na gunia la unga, siku hiyohiyo, mbele ya matumizi mengine. Havioze upesi vikiwekwa mahali pakavu. Karanga zilizoota ukungu ao zenye uchungu mzitupe, kwa sababu zina sumu inayoharibu maini.

Pili, msidharau samaki mdogo. Ndakala analiwa pamoja na mifupa na kichwa, kwa hiyo anatoa protini na kalsiamu pamoja. Hakuna lazima ya kungoja feza ya kuku ao ya tomsoni mkubwa. Konzi moja ya ndakala iliyopondwa ndani ya sombe inabadilisha chungu kizima.

Tatu, bukari ya mahindi na mihogo si mbaya, wengi wetu tunaipenda. Lakini kadiri mihogo inavyozidi katika mchanganyiko, maharagi ao samaki lazima vizidi pembeni.

Ine, mafuta ya ngazi msiyachome mpaka yageuke meupe. Rangi yake nyekundu ndiyo inayompa mtoto vitamini A ya kulinda macho yake. Ukiiunguza, umebakiza kalori na umetupa ulinzi.

Tano, chai ya rangi msiinywe pamoja na chakula, kwa sababu inazuia chuma cha majani na maharagi kuingia katika damu. Ngojeni saa moja hivi. Lakini limao, chungwa ao nyanya pamoja na chakula vinasaidia chuma hicho kuingia. Jambo hili ni kubwa zaidi kwa wamama wenye mimba, ambao mara nyingi wanakosa damu.

Sita, bia. Chupa ya santilita 72 ina kalori karibu 300, sawa na konzi ya unga. Haina kitu cha maana cha kujenga mwili. Hatusemi mfanyakazi asikae na rafiki zake. Tunasema hivi: ulize bei ya chupa tatu, kisha ulize feza hiyo ingeleta ndakala na maharagi kiasi gani nyumbani. Na lutuku, hiyo tunaikataza kabisa, kwa mwili na kwa kazi.

7. MTOTO HANA TUMBO KUBWA

Kwa mtu mzima makosa ya chakula yanaonekana pole pole. Kwa mtoto yanaonekana upesi, na pengine yanaua.

Katika mwaka wa 1935, munganga mwanamke Cicely Williams, aliyefanya kazi katika nchi inayoitwa sasa Ghana, aliandika juu ya watoto walioachishwa ziwa na kulishwa uji wa mahindi. Miguu yao ilivimba, nywele zikageuka rangi, ngozi ikabanduka. Wenyeji waliuita ugonjwa huo kwashiorkor, maana yake ugonjwa wa mtoto anayesukumwa pembeni kwa sababu mwingine amezaliwa. Sisi tunasema kwashi. Leo inajulikana kwamba sababu zake ni nyingi, na kuhara na magonjwa mengine yamo, lakini chakula cha namna moja tu kinafungua mlango.

Mama akiona mwanawe amenona usoni na miguuni asifurahi haraka. Bonyeza juu ya mguu kwa kidole. Kama shimo linabaki, huo si unene, ni maji. Umlete dispensari siku hiyohiyo.

Mtoto chini ya miezi 6 anahitaji ziwa la mama tu. Nyuma ya miezi 6 aendelee kunyonya, lakini aanze kula. Tumbo lake ni dogo, na uji mwepesi unalijaza maji. Kwa hiyo uji wake uwe mzito, na kila siku uongezwe kitu cha kujenga: kijiko cha karanga zilizosagwa laini, ao unga wa ndakala, ao yai, ao maharagi yaliyopondwa na kutolewa maganda. Ongezeni mafuta kidogo. Apewe mara tatu ao ine kwa siku, katika sahani yake mwenyewe, kusudi wakubwa zake wasimmalizie samaki.

8. BASI, KUHESABU KALORI NI BURE?

Hapana. Tusiruke kutoka kosa moja mpaka kosa lingine.

Mtu asiyepata kalori za kutosha hawezi kuokolewa na kipande cha samaki. Mwili usipopata nguvu unaanza kuchoma hata protini, sawa na mtu aliyekosa kuni akaanza kuvunja milango ya nyumba yake na kuitia motoni. Mchimbaji wa kazi nzito lazima ale bukari ya kutosha, na asiende posti ya asubuhi na tumbo tupu.

Tena kuna ndugu ambao wanapaswa kuhesabu kalori kwa kuzipunguza. Zamani kazi nyingi zilifanywa kwa mikono. Leo mashine inachimba, na mtu anakaa katika kabini saa nane ao kumi na mbili. Akila sahani ya mtu wa sururu, na juu yake vinywaji vitamu na bia, tumbo linatangulia, na nyuma yake tansio na ugonjwa wa sukari vinafuata. Huyo apunguze bukari, sukari na mafuta. Asipunguze majani, maharagi wala samaki.

Kwa hiyo jibu la swali letu ni hili. Kalori zinasema mtu ale kiasi gani, kufuatana na kazi yake. Ubora unasema kiasi hicho kiwe cha nini. Lakini upungufu wa kalori mtu anausikia mwenyewe, maana ananjaa. Upungufu wa ubora hausikii. Ndiyo sababu ubora ndio unaoomba tuuangalie kwa macho na kwa akili.

9. UBORA NI USAFI PIA

Hapa kwetu, kwenye nchi ya shaba na kobalti, kuna jambo moja zaidi. Utafiti wa chuo kikuu cha Lubumbashi pamoja na kile cha Leuven cha Ubelgiji, uliotolewa katika mwaka wa 2009, ulionyesha kwamba watu wanaokaa karibu na machimbo na viwanda wana kobalti nyingi katika mikojo yao. Utafiti mwingine uliotolewa katika mwaka wa 2018 ulionyesha jambo hilo katika mtaa wa Kasulo hapa Kolwezi, zaidi kwa watoto. Vumbi linaingia kwa kupumua, kwa mikono michafu, na juu ya chakula.

Tusiache majani kwa sababu hiyo, maana kuyaacha ni hasara kubwa. Lakini tusilime mboga chini ya rambleyi wala kando ya maji yanayotoka kiwandani. Tuoshe majani kwa maji safi mara mbili ao tatu. Chakula cha kazini kifunikwe. Mikono ioshwe kwa sabuni mbele ya kula, na nguo za kazi zisiingie jikoni wala zisifuliwe pamoja na nguo za mtoto.

MASWALI YA KUJIPIMA

Someni maswali haya nyumbani, baba, mama na watoto wakubwa pamoja:

1. Jana katika nyumba yetu tulikula chakula gani cha kutia nguvu? Cha kujenga? Cha kulinda? Kama mstari mmoja ni mtupu, leo tutaujaza na nini?

2. Kwa nini wakimbizi wa Malawi waliugua, na mahindi hayakukosekana?

3. Unga wa mihogo na unga wa mahindi vina kalori karibu sawa. Tofauti yao ni nini?

4. Kazi ya baba ni ya kuinua ao ya kukaa? Sahani yake inafuata kazi hiyo, ao inafuata mazoea?

5. Bei ya unga ikipanda mwezi ujao, tutakata kitu gani mbele ya kukata maharagi?

Swali la tano ndilo gumu kuliko yote. Ni heri kulijibu leo, mkiwa mmekaa pamoja kwa utulivu, kuliko kulijibu sokoni na kapu mkononi. Yule ambaye uji wa mwanawe ao damu ya bibi yake vinamsumbua aje dispensari. Mlango uko wazi, na kuuliza hakulipishwi.

Kazi njema kwenu wote, na mezani pawe na rangi.